Copernicus Browser: miezi minane nikiuchungulia mto wetu kutoka juu

Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji, kazi isiyo na mshahara. Mkate wangu unatoka kwenye steshenari ndogo hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni, ambako nachapa barua, natoa fotokopi na kuwajazia watu fomu za mikopo. Nasema haya mapema msije mkadhani mnasoma maneno ya mtaalamu. Jiografia niliiacha kidato cha nne. Lakini tangu Februari sijapitisha wiki bila kufungua Copernicus Browser, tovuti ya kutazamia picha za setilaiti, na sasa watu wa skimu nyingine za umwagiliaji wanakuja dukani kuniuliza ile picha ya mto naitoa wapi. Nimeona niandike mara moja, nikiulizwa tena niwaelekeze hapa.

Kwanza kilichonifikisha huko. Mto wetu unashuka kutoka upande wa Machame. Jina silitaji kwa sababu suala letu bado liko mezani kwa wakubwa, ingawa watu wa Hai mtaujua tu. Maji yanaingia kwenye banio, yanagawanywa mifereji mitatu, yanakwenda kwenye mpunga, nyanya na vitunguu. Februari ni kiangazi. Juu hakujanyesha, mto unatakiwa uwe mwembamba na mweupe, kokoto za chini unazihesabu. Mwaka huu kila ikikaribia mchana maji yalikuja rangi ya chai ya maziwa. Wenye mipira ya matone chujio zao zikawa zinaziba kila siku. Vijana wanazibua banio kwa chepe leo, keshokutwa limejaa tena. Kwamba huko juu wanachimba mchanga, hilo kila mtu analijua. Ubishi ulikuwa ni machimbo yapi, maana yapo kadhaa, mengine yana kibali na mengine hayana, na ukienda kuuliza kila mmoja anamnyooshea kidole jirani yake.

Mpwa wangu aliyeko chuo ndiye aliyenifungulia tovuti hii kwenye kompyuta ya dukani, akaniachia, akarudi zake shule.

Kwa kifupi, Copernicus ni mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuitazama dunia kutoka angani, na setilaiti zake zinazotuhusu sisi zinaitwa Sentinel-2. Ya kwanza ilirushwa Juni 2015, ya pili Machi 2017, na Septemba 2024 ikaongezwa ya tatu. Zinazunguka kilomita 786 juu yetu na zinapokezana, hivyo shamba lako linapigwa picha kila baada ya siku tano. Copernicus Browser ni dirisha la kuzitazamia hizo picha. Kutazama ni bure kabisa. Ukitaka kupakua picha au kutengeneza video fupi ya mabadiliko, unajisajili kwa barua pepe, basi. Gharama yangu ni bando tu, na inakula bando kweli, hasa ukiwa mtu wa kuvuta ramani huku na huku kama mimi siku za mwanzo. Kwenye simu inafunguka, lakini vidole vinagombana na ramani, tafuta kompyuta. Kiswahili hakimo. Nimeandika kwenye karatasi maana ya kila kitufe ninachokitumia, nimeibandika ukutani pembeni ya mashine ya fotokopi, na wateja wanadhani ni bei.

Matumizi yake si magumu. Unasogeza ramani hadi kwenu, unafungua kalenda, siku zenye picha zimewekewa alama. Kuna mahali pa kuweka kiwango cha mawingu unachoweza kuvumilia. Ukishapata siku mbili nzuri unaziweka kwenye sehemu ya kulinganisha, kisha unaburuta mstari kushoto na kulia, picha ya zamani inafunikwa na mpya na kufunuliwa tena. Mstari huo ndio uliomkamata mwenyekiti wetu. Mzee alikuja dukani kuniachia mchango wa mwezi, nikamwekea Mwadui ajionee.

Mwadui nilikuwa nimeitumia kujifunzia. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi kule Kishapu, Shinyanga, ulibomoka, na tope likatoka nje hadi kwenye mashamba na makazi ya watu wa Ng'wang'holo. Nilichagua picha ya kabla na ya baada. Kabla unaona vipande vya mashamba, kila kimoja na rangi yake. Baada, kuna ulimi wa kijivu umelala juu yake kama uji uliomwagika mezani. Mzee akaburuta mstari mara nne, tano. Akavua miwani.

"Katibu, hii nani kaipiga?"

"Setilaiti, mzee. Iko juu kuliko ndege yoyote."

"Na tulikuwa hatuilipi?"

"Hatuilipi."

"Basi ilete kwetu. Na ituambie lile lori la nani."

Hapo ndipo matumaini ya mzee na uwezo wa setilaiti vilipoachana, maana lori halionekani. Ubora wa picha za Sentinel-2 ni mita 10, yaani nukta moja ya picha ni mraba wa ardhi wa mita 10 kwa 10, na kila kilichomo ndani yake kinachanganywa kuwa rangi moja. Fuso lililojaa mchanga halijazi hata nukta moja. Na si lori tu. Mto wetu wenyewe hauonekani! Sehemu kubwa haufiki upana wa mita 15 na juu yake mikuyu imefunga paa. Nilivyoufungua mara ya kwanza niliona mstari wa kijani tu unaopinda, nikafikiri nimekosea kijiji. Kwa hiyo wewe ambaye mto wako ni wa kuruka kwa mawe matatu, usitegemee kuona rangi ya maji. Kwa mito mipana ni habari nyingine. Bwawa la taka za mgodi wa chuma lilipopasuka Mariana, Brazil, tarehe 5 Novemba 2015, watu 19 walikufa na tope lilisafiri Rio Doce yote hadi baharini, na picha za setilaiti ziliuonyesha ule ukahawia ukifunguka kwenye Atlantiki. Mto wa aina hiyo unaufuatilia kama barabara ya lami.

Nilikaa wiki mbili nikiona nimepoteza bando. Kilichonirudisha ni madoa meupe. Mchanga uliochimbuliwa na kumwagwa ukingoni unang'aa vibaya sana ukiwa juu, na ukingo uliokwanguliwa miti nao unang'aa. Nikaanza kurudi nyuma mwaka hadi mwaka, kila Februari, kipande kile kile cha mto. Mwaka 2019 kulikuwa na doa moja, chini ya daraja. Mwaka 2022 mawili. Mwaka huu niliyahesabu manne, na la nne, lililo juu zaidi, halikuwepo Novemba. Halikuwepo kabisa, pana miti. Desemba kuna mawingu. Januari katikati, doa jeupe lenye njia nyembamba inayoliunganisha na barabara ya vumbi. Tovuti ina kifaa cha kupimia eneo: nililizungushia doa lile mstari, likatoka zaidi kidogo ya ekari moja. Kwa mara ya kwanza tukawa na kitu ambacho hakikutoka mdomoni mwa mtu.

Kama unataka kujua hasa huduma hii inafaa nini kwa watu wa chini ya mto, ndiyo hiyo. Inakupa mahali na inakupa tarehe. Mengine unayafuata kwa miguu.

Sasa makosa yangu, maana nimeyalipia.

Kuna sehemu ya kutengeneza kipimo chako mwenyewe. Maji yenye udongo hurudisha mwanga mwekundu mwingi kuliko maji safi, kwa hiyo ukichukua bendi (rangi moja ya mwanga inayopimwa peke yake) ya nyekundu, inayoitwa B04, na ya kijani, B03, ukatoa ya pili kwenye ya kwanza, kisha ukagawanya kwa jumla yake, maji ya tope yanajitenga na maji safi. Huhitaji hesabu, unaburuta herufi mbili kwenye visanduku, mashine inafanya. Nilijaribu pale mto Kikuletwa unapoingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa sababu pale maji yametanuka na nukta za picha ni za maji matupu. Ikatokea picha ya kupendeza, mkia mrefu wa tope umeingia bwawani. Ilikuwa ya mwishoni mwa Machi. Nikaichapa kwa rangi, A3, nikaenda nayo kwenye mkutano wa kijiji ambao wachimbaji walialikwa. Nikasimama, nikasema tazameni mnachotufanyia.

Kijana mmoja wa machimbo ya daraja akanyoosha mkono, kwa heshima zote. "Shikamoo mama. Hiyo tarehe hapo chini, usiku wake mvua ilinyesha Machame mpaka sisi wenyewe tukaacha machepe mtoni tukakimbia. Makarai yetu hatujayaona hadi leo." Watu wakacheka. Mzee mmoja akaongeza kwamba mvua hiyo anaikumbuka, ilimsombea viazi. Nikakaa. Bwawa lile linapokea maji ya wilaya ngapi? Kuna udongo wa mashamba ya Arumeru, kuna mto Themi unaotoka Arusha mjini na yake yote, kuna upande wa mto Ruvu. Kumtwika mchimba mchanga mmoja ule mkia wote ni sawa na kumshika mtu mmoja kwa kelele za stendi. Tangu siku hiyo picha za masika siziweki kwenye jalada letu. Tope la Februari tu ndilo lina maana kwetu, kwa kuwa mvua haipo ya kusingiziwa. Na A3 ya rangi si bei ndogo hata kama mashine ni yako.

Kosa la pili lilinichukua mwezi kuligundua. Kila picha imeandikwa saa yake, na zetu zinasoma kama 07:50. Mimi nikasoma saa moja na dakika hamsini asubuhi. Nikawa nadamka siku ya setilaiti, nafika mtoni saa mbili kasoro na chupa zangu, maji meupe pe! Narudi dukani nimenuna. Kumbe saa hiyo ni ya kimataifa, kwetu unaongeza tatu: ni saa tano kasoro dakika kumi. Na machimbo hayachafui mto alfajiri, tope linaanza kushuka vizuri kuanzia saa nne. Nilipohamisha safari zangu kwenda saa nne na nusu, mambo yakabadilika.

Saa hiyo ina tabu yake, na hili wa Kilimanjaro mlielewe kabla hamjaanza: ikikaribia saa tano mlima umeshavaa kofia. Kuanzia Machi hadi Mei nilipata picha mbili tu ambazo mto wetu wote uko wazi. Julai nayo ni ukungu wa asubuhi. Zaidi ya hayo kivuli cha wingu juu ya maji kinafanana na maji safi, meusi, na bati jipya linafanana na mchanga. Nililihesabu kanisa moja lililoezekwa upya kuwa machimbo ya tano. Zipo setilaiti za rada za mpango huo huo, Sentinel-1, zinazopenya mawingu, na picha zake zimo kwenye tovuti hiyo hiyo. Lakini rada haioni rangi, kwa hiyo tope na maji safi kwake ni mamoja.

Chupa nilizozitaja ni za maji ya kunywa za lita moja, zilizooshwa. Siku setilaiti inapopita tunakwenda watu watatu: mmoja juu ya doa la nne, mmoja chini yake, mimi chini ya daraja. Tunachota wote kwa wakati mmoja. Mpwa wangu alitutengenezea kipimo kwa mrija wa plastiki unaoona ndani, mrefu kama mkono, chini yake kumebandikwa duara lenye robo nyeusi na robo nyeupe. Unamimina maji taratibu huku ukichungulia kutoka juu. Duara likipotea, unasoma sentimita. Wazo lenyewe ni la zamani, padri wa Kiitaliano aitwaye Secchi alikuwa akitumbukiza sahani nyeupe baharini mwaka 1865. Siku yetu nzuri kuliko zote, mwishoni mwa Februari, maji ya juu ya doa yalijaza mrija wote wa sentimita 60 na duara bado tunaliona. Chini ya doa lilipotea kwenye 9. Chini ya daraja, 11. Kijana wa machimbo ya daraja, yule yule wa makarai, tulimwita aje achungulie mwenyewe. Akatazama, akasema, "Mnaona? Yanakuja kwangu yakiwa yameshachafuka." Na kweli yake ilikuwepo.

Naomba nisisitize jambo moja kwa ndugu zetu wa maeneo ya dhahabu, kwa sababu mteja mmoja kutoka Geita alinihoji sana. Zebaki haionekani kutoka angani. Sainidi haionekani. Tindikali yenyewe haionekani, labda ikikwangua chuma na kuacha rangi ya kutu. Setilaiti inaona udongo ulioelea na ardhi iliyovuliwa nguo, hayo tu. Kwa udongo inafanya kazi ambayo watu tusingeiweza: mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliotumia picha za Landsat za Marekani, za tangu 1984, kwenye mito 173 yenye machimbo katika nchi 49 za ukanda wa joto, na mingi yake, asilimia 80 hivi, tope lilikuwa limezidi mara mbili ya kabla ya uchimbaji. Ghana nako, mwaka 2024, mtambo wa kusafisha maji ya Cape Coast ulikuwa unapokea maji ya tope la NTU 14,000 (NTU ni kipimo cha uchafu unaoziba mwanga majini) wakati umejengwa kwa 2,000, kwa sababu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mtoni Pra. Tope la namna hiyo linaonekana hata na mimi hapa Mbuyuni. Lakini mto unaweza kuwa mweupe na una zebaki. Maji ya kunywa yapelekwe maabara, picha haina ulimi wa kuonja.

Nimejaribu vingine pia. Google Earth ina picha kali zaidi, unaona hadi paa la choo, na kwa kumwonyesha mtu asiyeamini ni nzuri kuliko hii. Shida ni tarehe: kwetu kati ya picha moja na nyingine inaweza kupita mwaka, na doa letu la nne lilizaliwa katikati. Landsat inarudi nyuma mbali, lakini nukta yake ni mita 30, kwa mto wetu ni kutazama kwa macho ya mzee. Zipo za kulipia za mita 3, karibu kila siku. Bei yake ni ya dola, sikuuliza mara ya pili.

Nikipewa nyota tano nigawe, Copernicus Browser naipa nne. Ya tano naibakiza kwa ajili ya Kiswahili.

Jalada letu tulilipeleka kwenye ofisi moja nisiyoitaja. Lilikuwa na picha sita, kila moja na tarehe na vipimo vya mrija pembeni. Afisa wa kwanza alilifunua akasema picha za mtandaoni si ushahidi, leteni sampuli. Nilikasirika nikiwa kwenye ngazi, nikapoa nikiwa kwenye daladala, maana hata mimi sasa najua picha peke yake inaweza kuniumbua mbele ya watu. Mara ya pili tulikwenda na picha, vipimo na chupa sita zilizoandikwa saa na mahali. Alizipanga juu ya meza yake kuanzia nyeupe hadi nyekundu, akazitazama muda mrefu kuliko alivyotazama karatasi, akachukua namba ya simu ya mwenyekiti. Wiki ya tatu walikuja na gari hadi kwenye doa la nne. Kibali hakikuwepo. Njia ya malori imewekewa gogo, na kwenye picha ya Agosti doa limeanza kuota majani upande mmoja. Upande wa pili sijaridhika nao, rangi yake bado kali mno kwa mahali pasipochimbwa.

Setilaiti inapita tena Jumamosi. Mzee mwenyekiti ameshapiga simu kuuliza tunahitaji chupa ngapi, na kama safari hii na yeye anaweza kushika mrija.